Picha ya Bibi Harusi na Simu Isiyopiga Hodi

Leo hatuleti singo wala mitindo ya ushungi, ingawa tunajua wanaoolewa Mfunguo Mosi wanatusubiri kwa hayo, na yatakuja inshallah. Leo tuna neno juu ya simu. Ile simu unayoibonyeza kutwa kucha, je, unaitawala au unaibonyeza tu?

Tuanze na kosa letu wenyewe, mtu asije akasema tunawanyooshea wengine vidole. Mwaka jana tulimshonea bibi harusi mmoja gauni la rangi ya maziwa, shanga tumezitia kwa mkono kuanzia kifuani hadi kiunoni, kazi ya wiki tatu. Alipokuja kulijaribu likamkaa, mashallah, hata sisi tulioshona tukanyamaza. Tukampiga picha kwa nyuma. Uso hauonekani, nywele zimefunikwa, kinachoonekana ni mgongo wa gauni na mkono mmoja umeshika mkia. Alituona tunapiga, akacheka, hakusema kitu. Jioni tukaiweka kwenye stetasi ya duka na maneno mawili ya kumwombea heri. Tukajiona tumemsitiri.

Kwenye ule mkono palikuwa na bangili ya bibi yake, dhahabu ya zamani yenye nakshi, mtaa wao mzima wanaijua. Kabla ya Isha shangazi yake bwana harusi ameshaiona, ameshaiweka kwenye grupu la familia, na picha imeshafika Muscat kwa jamaa zao. Ndugu wa kiume wa bwana harusi wakalitazama umbo la bibi harusi ndani ya gauni ambalo bwana harusi mwenyewe alikuwa hajaliona. Tukaifuta. Kwetu ilifutika. Kwa waliokwisha kuipiga skrinishoti haikufutika.

Bibi harusi akatupigia usiku. Hakugomba. Aliuliza tu, "Dada zangu, mbona hamkupiga hodi?"

Swali hilo lilituuma kuliko matusi, kwa sababu sisi watu wa visiwani tumelelewa na hodi. Mtoto hajajua kusoma lakini anajua kusimama mlangoni akasema hodi na akangoja karibu. Surat an-Nur, katika aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na aya inayofuata inataka tukiambiwa turudi, basi turudi. Sunna ikatufundisha kuomba mara tatu, usipojibiwa uondoke. Kisha aya ya 58 ya sura hiyohiyo ikaingia hadi ndani ya nyumba: hata watoto ambao hawajabaleghe na wanaowatumikia watu waombe ruhusa nyakati tatu, kabla ya Sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Isha. Yaani hata mwenye haki ya kuwamo nyumbani hana haki ya kila chumba kila saa. Ruhusa ina mtu wake, pahala pake na wakati wake. Wanaotengeneza programu za simu wangeisoma aya hiyo moja wangepata kazi ya kufanya.

Kwani kuna watu kazi yao ni hiyo, kupanga jinsi mtu anavyokwenda na chombo chake: kitufe kikae wapi, ukikibonyeza kifanye nini, ukikosea urudi vipi. Ni ufundi kama ufundi mwingine, na sisi tukiutazama kwa macho ya fundi cherehani tunaona ngazi tunazozijua. Yuko mteja anayenunua buibui lililokwisha kushonwa, limetundikwa, achukue au aache. Yuko anayechagua kwenye albamu, mshono huu kwa rangi ile. Yuko anayekuja na kitambaa chake na picha yake kichwani, akakaa nasi akasema mkono upanuke hapa, shingo ipande. Na juu yao wote yuko anayeweza kurudi keshokutwa akasema nimeghairi, fumueni, nasi tukafumua. Simu ni hivyohivyo. Kuna pahala unatazama tu, kuna pahala unabonyeza ulichowekewa, kuna pahala unapanga utakavyo wewe, na kuna pahala, tena pachache, unapoweza kurudisha ulichofanya kikawa kama hakikufanyika.

Kinachotusikitisha ni jinsi wengi wetu tunavyohesabu kubonyeza kuwa ndiko kutawala. Mtu anakaa na video fupi tangu Isha hadi usiku wa manane, kidole hakipumziki: anapandisha, anatia moyo, anapandisha, anaandika maoni, anapandisha tena. Ameamua nini? Video inayofuata hakuichagua yeye, imeanza yenyewe kabla hajasema anaitaka, na ukurasa hauna mwisho wa kumwambia sasa kalale, kuna Alfajiri. Ukurasa huo usio na mwisho alikuja nao Mmarekani Aza Raskin mwaka 2006, na baadaye mwenyewe alisema hadharani kwamba anajuta. Kabla ya hapo ulikuwa ukifika chini unabonyeza ndipo unakwenda ukurasa wa pili. Kubonyeza kule kulikuwa kero kidogo, lakini kulikuwa ni kuulizwa: bado unataka? Swali likaondolewa, na hakuna aliyetutaka shauri.

Wala si kwamba hawakujua. Ben Shneiderman, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, tangu miaka ya 1980 aliandika kwamba vitendo vya mtu kwenye kompyuta viweze kurudishwa kirahisi, ili asiogope kujaribu. Jakob Nielsen, mzaliwa wa Denmark, mwaka 1994 alitoa kanuni zake 10, mojawapo ikiwa ni kwamba mtumiaji apewe uhuru na usukani, na awepo mlango wa dharura anaouona wazi akitaka kutoka pale alipoingia kwa kukosea. Kanuni ziko. Ila zikigongana na faida ya mwenye programu, mnajua wenyewe ipi inayowekwa pembeni, na sisi wafanyabiashara hatuna uso wa kusema jambo hilo hatulijui.

Hapo kwenye kurudisha ndipo fundi anapoelewa upesi. Mshono unafumuka. Tumefumua magauni mazima usiku wa kuamkia harusi na yakavaliwa asubuhi bila mtu kujua. Lakini kitambaa kikishapita mkasi ndiyo basi tena. Kwa hiyo kwenye cherehani tunakwenda mbio, kwenye mkasi tunasimama, tunapima upya, tunampigia mteja simu tunauliza: mama, una hakika? Ubaya wa simu ni kwamba kitufe cha sindano na kitufe cha mkasi vimefanana. Kumwandikia mama "nimefika salama" na kuwatupia watu 300 picha ya bibi harusi ni mguso uleule mmoja, kialama kilekile cha kijani. Hakuna kinachokusimamisha.

Tazameni WhatsApp, ambayo siku hizi ndiyo ukumbi wetu wa pili. Stetasi ya picha ilipokuja mwaka 2017, tulipewa njia tatu: waone wote niliohifadhi namba zao, waone wote isipokuwa hawa, au waone hawa tu. Vizuri sana. Lakini ukibadilisha leo hubadilishi ile uliyokwisha kuiweka; hiyo inaendelea na watu wake mpaka saa 24 zitimie au uifute. Mwaka huohuo kukaja kufuta kwa wote, mwanzoni ndani ya dakika 7, siku hizi ni zaidi ya siku mbili. Watu tukapumua tukadhani tumepata kufumua. Kufuta huko kunaondoa ujumbe kwenye mazungumzo, kilichokwisha kupigwa skrinishoti au kupelekwa kwingine kipo palepale. Mwaka 2021 ikaja picha ya kutazamwa mara moja, na baadaye wakazuia hata skrinishoti yake. Ila simu ya pili ikielekezwa kwenye kioo cha simu ya kwanza, nani ataizuia? Nyie mnaowatumia mashoga picha za singo na nguo za fungate kwa kuamini kile kiduara chenye namba moja, tunawaomba kwa mapenzi, huo ni mkasi.

Na hodi ya magrupu ilichelewa mno. Kwa miaka mingi yeyote aliyekuwa na namba yako aliweza kukutia kwenye grupu lake. Unaamka asubuhi umo na wanaume 80 usiowajua, namba yako wanaiona. Hata ukitaka kutoka, grupu zima linatangaziwa kuwa fulani ametoka, utadhani umeivunja shughuli ya watu. Kuondoka kimyakimya, wakajua maadmini tu, kulikuja 2022. Setingi ya kuchagua nani anaweza kukutia kwenye grupu ililetwa 2019. Basi itazameni ilivyowekwa: usipoigusa, iko kwenye "kila mtu". Anayejua setingi zipo wapi anafunga mlango. Bibi yetu aliyenunuliwa simu na wajukuu ili awaone kwa video mlango wake uko wazi, na hajui hata kama ana mlango.

Hapa tunataka mtuelewe vizuri, maana tumeshaambiwa na mtu kwamba dini yetu yenyewe imekubali kunyamaza kuwa ni idhini. Ni kweli. Mtume, sala na amani zimshukie, alifundisha kwamba mwanamwali huombwa idhini ya kuozwa na kunyamaza kwake ndiyo idhini, kwa sababu ya haya, na aliyewahi kuolewa husema kwa ulimi wake. Lakini angalieni mambo yalivyopangwa. Anaulizwa kwanza. Mtu anakwenda mpaka alipokaa, anamtajia ni nani anayemuoa na kwa mahari gani, anamngoja. Baada ya hapo ndipo kimya chake kina maana. Simu inachukua kimya cha mtu ambaye hakuulizwa, na hiyo haifanani hata kidogo. Au inamuuliza kwa hila: "Ndiyo" kubwa yenye rangi, "Sio sasa" ndogo ya kijivu, na "Hapana" yenyewe haimo. Mwingereza Harry Brignull alizipa hila za namna hiyo jina lao mwaka 2010, kwa Kiswahili tungesema mitindo ya giza, na tangu wakati huo zimezidi kuliko kupungua kwa tunavyoona sisi.

Lakini tusijifiche nyuma ya programu. Siku ile dukani hakuna programu iliyotulazimisha. Bibi harusi alicheka, sisi tukasema amekubali. Hatukumwambia tunaiweka wapi, nani ataiona, itakaa muda gani. Tulifanya kama setingi ya "kila mtu".

Msije mkadhani basi tunataka kila kitu kiwe na vitufe mia. Hapana. Tuliwahi kumwachia bibi harusi achague yote mwenyewe, lesi aina 40, shanga, mikono, urefu wa mkia, hadi rangi ya uzi. Alikaa saa mbili na nusu, akatoka kichwa kinamuuma, akasema atarudi na mama yake. Kuna mambo bibi harusi anataka somo wake amwamulie, na kumwachia unayemwamini nako ni kuamua. (Na sisi tulipoweka kwenye simu ya duka majibu yale ya "andika 1 kwa magauni, andika 2 kwa mabuibui", mama mmoja wa Pemba alijibu kwa sauti: "Wanangu, mie nataka kusema na mtu." Tukayatoa siku hiyohiyo.) Wingi wa kuchagua ukimwangukia mtu kwenye rangi ya uzi, akifika kwenye jambo la mwili wake amechoka, anasema ndiyo ili aondoke. Uzi tuchagueni sisi mafundi. Penye mkasi ndipo aulizwe, tena aulizwe taratibu.

Sasa kwa nyie mnaoolewa. Setingi mbili tulizozitaja, ya stetasi na ya magrupu, zifungeni leo, dakika tano zinatosha, na mfungieni na bibi. Kwenye kesha na kwenye kupambwa, mtoeni mtu mzima akae mlangoni na kapu la simu, si msichana ambaye mashangazi watamtisha. Tumeona kumbi ambazo tangazo limebandikwa "simu haziruhusiwi" na humo ndani zinawaka kama taa za ngalawa usiku. Tangazo bila mtu ni kazi bure.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaliulizi. Mnatafuta mpiga picha mwanamke, mnalipa zaidi kwa ajili hiyo, mnaingia mkiwa mmejiachia, mnacheza na vichwa wazi kwa sababu ukumbi ni wa wanawake watupu. Kadi ya kamera inakwenda wapi? Mara nyingi inakwenda studio kwa kijana wa kiume anayekata video na kutia muziki, akiwatazama saa nne mfululizo, mbele na nyuma. Muulizeni kabla ya kulipa: nani anahariri, nani anabaki na nakala, baada ya muda gani zinafutwa, na je, sehemu ya harusi yangu itatumika kwenye tangazo lake? Akijikunakuna kichwa, mshukuruni na mtafute mwingine. Akijibu, aandike kwenye risiti.

Wapo watakaosema asiyetaka kuonekana asipigwe picha kabisa, mambo yaishe. Tunawaheshimu wenye msimamo huo, na wanazuoni wamelizungumza kwa upana kuliko sisi. Lakini wengi wa wanaokuja kwetu wanataka picha. Wanataka kumwonyesha binti yao baada ya miaka 20, kama sisi tunavyotoa zile picha za mama zetu kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Zile picha zilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe ndiye aliyefungua kopo, akachagua nani akae naye kitandani azione, akafunga. Bibi harusi wa leo haombi zaidi ya kopo lake.

Na wapo wanaosema ajifunze setingi mwenyewe, dunia imebadilika. Ajifunze, ndiyo. Lakini mbona mzigo wote tunautwika upande mmoja? Aliye ndani ya nyumba afunge komeo saba, na anayepita njiani asifundishwe hodi? Aya zile zimeanza kumwambia anayeingia.

Kwa upande wetu tumebadilisha karatasi ya vipimo. Chini ya kifua, kiuno na urefu kuna mstari wa picha: hapana, gauni peke yake, mgongo na mikono, baada ya harusi tu. "Hapana" imeshatiwa alama tangu inatoka kuchapwa, na asiyegusa mstari huo jibu lake ndilo hilo. Anayekubali anaweza kughairi siku yoyote kabla hatujaiweka, na tunamwambia wazi kwamba tukishaiweka hatuna uwezo wa kuirudisha. Kibiashara imetuuma, hatufichi. Stetasi yetu sasa ni magauni juu ya mdoli, na wateja wa Unguja na wa mbali wanauliza likivaliwa na mtu linakuwaje. Wengine wamekwenda kwa mafundi wanaoonyesha zaidi.

Yule bibi harusi wa bangili alirudi mwezi wa Rajabu akiwa na mdogo wake, naye anaolewa. Tukampa karatasi. Akausoma ule mstari, akamtazama dada yake, wakacheka wote wawili. Safari hii hatukuchukua kicheko kuwa ni jibu, tukangoja. Akachukua kalamu, akakata "hapana", akaandika pembeni kwa mkono wake: mgongo tu, baada ya harusi, bila bangili.